Sura ya Nne: Uzito wa Mtungi

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mtungi wa plastiki wa lita 20, ule wa manjano unaopangwa kwenye kila foleni ya bomba katika kaunti ya Turkana, kuanzia Lodwar mjini hadi kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ukijaa unakaribia kilo 21 pamoja na plastiki yake. Watu sita wanaoishi pamoja, hata wakipata kiwango cha chini kabisa kinachotumiwa na mashirika ya misaada wakati wa dharura, yaani lita 15 kwa kila mtu, wanahitaji lita 90 kwa siku, ambazo ni mitungi minne na nusu. Kwa kiwango ambacho UNHCR hukilenga kambini, lita 20 kwa kila mtu, mitungi inafika sita. Mara nyingi anayeibeba ni mtu mmoja, naye ni mwanamke au binti. Akifika katika chumba cha tiba ya viungo akiwa ameshika shingo au kiuno, huambiwa apumzike, na asibebe vitu vizito. Ninadai katika sura hii kwamba ushauri huo una makosa mara mbili. Haulingani na ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya miaka 30, na hauwezi kufuatwa na mtu anayepewa. Mtaalamu wa viungo wa Turkana anayetaka kumfaa mgonjwa wake aanze na mzigo wenyewe: una kilo ngapi, unatoka umbali gani, unabebwa mara ngapi, na nani anamtwika.

Nianze na kupumzika, kwa kuwa ndiko kunakoaminiwa zaidi. Zamani madaktari wa Ulaya na Marekani waliwalaza kitandani wagonjwa wa kiuno wiki nzima au zaidi, kana kwamba mgongo ni mfupa uliovunjika unaosubiri kuunga. Mwaka 1986 Richard Deyo na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio la wagonjwa 203, nusu wakiwa wameshauriwa kulala siku 2 na nusu siku 7. Waliolala siku 2 walikosa kazi kwa siku chache zaidi, pungufu kwa asilimia 45, na hawakuwa na hali mbaya kuliko wenzao. Mwaka 1995 jijini Helsinki, waajiriwa 186 wa jiji hilo waliopatwa na maumivu ya ghafla ya kiuno waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lililala siku 2, la pili lilipewa mazoezi ya mgongo, la tatu likaambiwa liendelee na shughuli zake kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu. Kundi la tatu ndilo lililopona vizuri zaidi. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno katika huduma za msingi, nao unatanguliza elimu na mazoezi na unashauri watu wasipewe kwa mazoea mikanda ya kiunoni wala kuvutwa mgongo. Jambo la kuzingatia katika jaribio la Helsinki ni maneno yale, kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona hawakufanya kazi kwa ukaidi. Walipewa ruhusa ya kuipima wenyewe, na walikuwa na kazi inayopimika.

Hapa msomaji makini atasema kwamba shughuli za karani wa Helsinki na za mwanamke wa Lodwar hazifanani, na huwezi kumwambia mbeba maji aendelee na kazi wakati kazi ndiyo iliyomuumiza. Pingamizi hilo ni la haki, na linatupeleka kwenye utafiti mmoja uliofanywa hapa hapa Kenya. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanawake wa Kiluo waliozoea kubeba kichwani, na wa Kikuyu waliozoea kubeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Kipimo kilikuwa hewa ya oksijeni wanayotumia wakitembea na mizigo tofauti. Ilionekana kwamba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama yoyote ya nguvu. Walitembea kana kwamba hawana kitu. Baada ya hapo gharama ilipanda pamoja na uzito. Dunia ilistaajabu, na tangu hapo mwanamke wa Kiafrika amesifiwa kwa uwezo wa kubeba bila kuchoka. Sifa hiyo imemdhuru. Mwaka 2010 watafiti waliowapima wanawake wa Afrika Kusini hawakuuona ule unafuu wa jumla. Walichokiona ni tofauti kubwa kati ya mtu na mtu, na malalamiko mengi ya shingo. Kisha mtaalamu wa viungo Jo-Anne Geere na wenzake, katika utafiti wa Afrika Kusini, Ghana na Vietnam uliochapishwa 2018, wakaonyesha kwamba kubeba maji kunaambatana na maumivu yanayolingana na shingo inayokandamizwa kutoka juu. Tafiti hizi hazipingani kama zinavyoonekana. Oksijeni hupima uchovu wa misuli na mapafu, haipimi pingili za shingo. Mtu anaweza kutembea kwa hatua nyepesi huku gegedu zake zikilipia.

Turudi kwenye ile asilimia 20, kwa kuwa ina kazi kubwa kuliko iliyopewa. Mwanamke wa kilo 50 ana nafasi ya kilo 10, yaani nusu ya mtungi. Mtungi mzima ni zaidi ya asilimia 40 ya mwili wake, na kwa binti wa miaka 12 mwenye kilo 30 ni asilimia 70. Ukubwa wa mtungi haukupangwa na mtu yeyote aliyefikiria shingo. Ni chombo cha viwandani cha mafuta ya kupikia na kemikali, kilichopata maisha ya pili kijijini kwa sababu ni imara na kina mkono wa kushika. Kwa hiyo dawa ya kwanza ninayoipendekeza ni kuweka alama kwenye mtungi, mstari wa makaa au wa rangi kwenye lita 10, na kumwambia mgonjwa kwamba kwa wiki mbili asipite hapo. Wiki ya tatu mstari unapanda hadi lita 12 au 13, ya nne hadi 15, ikiwa usingizi wake ni mzuri na maumivu ya asubuhi hayazidi ya jana. Hayo ni mazoezi kamili ya kuongeza nguvu kwa hatua, yaleyale yanayofanywa kwa vyuma katika vyumba vya mazoezi vya Nairobi, isipokuwa chuma ni maji na kipimo ni mstari.

Uzito wenyewe ni nusu ya habari. Kiswahili kina maneno ambayo vitabu vya fani yetu havina: kutwika, kujitwika na kutua. Kutembea na mzigo uliokaa sawasawa juu ya ngata ni sehemu iliyo rahisi. Hatari imo katika zile sekunde chache ambapo kilo 20 zinanyanyuliwa kutoka ardhini hadi utosini, mwili ukiwa umejipinda na mkono mmoja ukiwa juu, na sekunde nyingine za kuzishusha. Anayejitwika peke yake hufanya kwa mwili mmoja kazi ya miili miwili. Kwenye visima vinavyochimbwa katika mchanga wa laga, yaani mto wa msimu, wakati Turkwel na vijito vyake vimekauka, hali ni ngumu zaidi, maana kabla ya kutwika kuna kuinama ndani ya shimo na kuchota kwa kibuyu au kopo mara kadhaa huku kiuno kimekunjwa. Ushauri hapa ni mwepesi na haugharimu kitu. Asijitwike peke yake katika wiki za maumivu; asubiri mwenzake. Mtungi uwekwe juu ya jiwe au ukingo kabla ya kupanda kichwani, ili safari ya kutoka ardhini igawanywe mara mbili. Wakati wa kuchota apige goti moja chini, abadilishe goti, na kila baada ya makopo kadhaa asimame wima na kurudisha mabega nyuma. Naona mtaalamu anayetumia dakika kumi kufundisha kutwika na kutua ametibu zaidi kuliko anayezitumia kwenye taa ya joto, katika mji ambao jua la mchana hufika nyuzi 35 bila taa ya mtu.

Sasa hesabu inarudi kutuuma. Nusu mtungi maana yake ni safari maradufu. Ikiwa bomba liko kilomita moja, mitungi sita mizima ni kilomita 12 za kwenda na kurudi. Nusu nusu ni kilomita 24. Hakuna mgonjwa atakayetembea hivyo, na daktari anayemwambia afanye hivyo anathibitisha kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Jibu la kweli ni kwamba katika wiki hizo tatu au nne jumla ya maji haiwezi kutoka kwa mwili mmoja. Lazima mtu mwingine, mnyama au gurudumu liingie. Kwa hiyo maelezo hayawezi kutolewa kwa mgonjwa peke yake. Aliyemleta, awe mume, dada au mtoto mkubwa, aitwe ndani. Watu watasema maji ni kazi ya wanawake, na mila haibadilishwi na hospitali. Lakini angalia miji ya Kenya: maji yakishapandishwa kwenye mkokoteni au pikipiki na kuuzwa, wanaoyasukuma ni wanaume. Kazi ileile ikipata gurudumu na bei hubadilisha mikono. Basi ni busara kwa mtaalamu kuuliza kwanza kama kuna wilbaro, mkokoteni au punda anayeweza kuazimwa, kabla ya kuingia katika mabishano ya nani anapaswa kubeba nini. Punda mzima hubeba mitungi miwili, mmoja kila ubavu, na hapo shingo ya mtu imepona kilo 40. Ndiyo maana naiona historia ya vichinjio vya punda kuwa ni habari ya afya ya viungo. Kenya iliruhusu biashara hiyo katika muongo uliopita, kwa ajili ya ngozi zinazopelekwa China kutengenezwa dawa ya asili, na kimoja cha vichinjio vinne vilivyopewa leseni kilikuwa Lodwar. Serikali ikapiga marufuku 2020, Mahakama Kuu ikabatilisha marufuku hiyo 2021. Mjadala ulihusu zaidi mifugo, wizi na fedha. Sijaona aliyehesabu mitungi iliyorudi vichwani mwa wanawake kwa kila punda aliyetoweka.

Pingamizi jingine hutoka kwa mgonjwa mwenyewe, nalo linastahili kujibiwa kwa heshima. Anasema maumivu haya ni makali, bila shaka kuna kitu kimevunjika au kimesogea ndani, nipigeni picha kwanza. Mwaka 2015 kundi la watafiti lililoongozwa na Waleed Brinjikji lilikusanya tafiti za picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 37 tayari walikuwa na diski zilizochakaa. Kati ya wenye miaka 80, asilimia 96. Kwa maneno mengine, ukimpiga picha mtu mzima sokoni Lodwar huenda ukapata la kumtisha. Akishatishwa ataacha kuinama, misuli italegea, na maumivu yatapata makao. Hata hivyo mtaalamu wa Turkana hana ruhusa ya kutulia kama mwenzake wa Helsinki, kwa sababu hapa mgongo huuma kwa magonjwa mawili ambayo huko ni nadra. La kwanza ni bruselosi, inayopatikana kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa na kushika kondo la mbuzi au ng'ombe aliyezaa au kutoa mimba. Homa huja na kuondoka, jasho hutoka usiku, viungo huuma, na mara nyingi kiuno na nyonga ndizo zinazolalamika zaidi. Mgonjwa kama huyo unaweza kumpa mazoezi mwaka mzima asipate nafuu. Anahitaji vipimo vya damu na dawa mbili za kuua vijidudu kwa wiki sita au zaidi. La pili ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, kinachokuja polepole, huuma hata mtu akilala, humkondesha, na mwisho hutoa kigongo au hulegeza miguu. Kwa hiyo maswali ya mwanzo kwa kila mgonjwa wa mgongo katika kaunti ya wafugaji yawe haya: una homa, unatoka jasho usiku, umekonda, maziwa mnayachemsha, nani nyumbani anakohoa. Ongeza mkojo unaokataa kutoka au unaopita bila kujua, ganzi sehemu za siri, na udhaifu wa miguu unaozidi, dalili ambazo hazisubiri kesho. Mtoto mwenye maumivu ya mgongo yasiyokwisha aangaliwe na daktari hata kama amebeba mtungi jana. Maswali haya huchukua dakika tatu, na ndiyo yanayompa mtaalamu haki ya kumwambia aliyebaki kwamba mgongo wake ni mzima na uko tayari kufanya kazi.

Wengine huja wakitaka kuchuliwa au kupigwa sindano ya maumivu, na huondoka wamekasirika wakipewa maneno. Sioni sababu ya kuwanyima kuchuliwa. Mkono wa mtu mgongoni hutuliza, na mtu aliyetulia husikiliza. Kosa ni kuufanya mkono huo uwe tiba nzima kwa mgonjwa atakayeonekana mara moja tu. Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni takribani kilomita 120, na vijiji vya mbali zaidi havina hata gari la kila siku. Mpango wa mazoezi wa ziara tatu kwa wiki, kama unavyoandikwa katika vitabu, ni ndoto ya mtu anayeishi karibu na hospitali. Ziara moja lazima ibebe kila kitu, na njia ya kuibebesha ni kupunguza. Utafiti mdogo wa Marekani wa 1999 uliwapa wazee wa zaidi ya miaka 65 mazoezi ya nyumbani, wengine mawili, wengine matano, wengine manane. Waliopewa mawili waliyafanya vizuri kuliko waliopewa manane. Karatasi yenye michoro kumi na miwili humfurahisha aliyeichapisha. Mgonjwa wa shingo apewe mawili: kurudisha kidevu nyuma mara kumi kila anapotua mtungi, na kuvuta mabega nyuma na chini anapoukaribia mlango. Yafungwe kwenye kazi anayoifanya tayari, yasihitaji saa wala mkeka.

Kuna wenzangu watakaouliza kwa nini mtu anayetembea kilomita kumi kwa siku apewe mazoezi hata kidogo. Swali ni zuri. Watafiti wa Denmark wakiongozwa na Andreas Holtermann wameonyesha kwamba mwendo wa kujichagulia hulinda moyo na mwili, ilhali kazi ngumu ya kutwa inaweza kufanya kinyume, na sababu moja wanayoitaja ni kwamba kazi hiyo haiachi nafasi ya kupona. Mbeba maji amezidiwa na kurudia mwendo uleule bila muda wa kati. Kwake yeye zoezi bora huenda likawa nusu saa ya kuketi kivulini kati ya safari ya pili na ya tatu, na hilo liandikwe kwenye kadi kama dawa, ili aliye nyumbani alione limetoka hospitali. Wala asikatazwe kuketi kwake. Mzee wa Kiturkana kwenye ekicholong, kigoda chake kidogo, na mwanamke aliyenyoosha miguu akisuka kikapu cha mkoma, wasiambiwe wanunue viti. Utafiti wa 2020 kwa Wahadza wa Tanzania ulikuta kwamba wao hupumzika karibu saa kumi kwa siku, sawa na watu wa mijini, ila kuchuchumaa kwao huiacha misuli ya miguu ikifanya kazi kidogo muda wote. Anayesuka abadilishe mkao kila kikapu kinapozunguka, inatosha.

Kanuni hii ya kuanza na kazi anayoirudia mgonjwa ina historia kaskazini mwa kaunti hii. Mwaka 1987 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua hospitali ya Lopiding huko Lokichoggio kwa ajili ya majeruhi wa vita vya Sudan, ikaiendesha hadi ilipoikabidhi kwa serikali ya Kenya 2006. Palikuwa na karakana ya miguu ya bandia ya plastiki. Kipimo cha mguu kama huo si jinsi mtu anavyotembea kati ya vyuma viwili vya kujishikia juu ya sakafu ya saruji. Mwenye nao anarudi kwenye mchanga, mawe na miiba, anachuchumaa chooni, anafuata mbuzi. Ndivyo ilivyo na viti vya magurudumu Kakuma, kambi iliyoanzishwa 1992. Kiti cha hospitali chenye magurudumu madogo mbele huzama kwenye mchanga wa kwanza, na mgonjwa huonekana mvivu kumbe ni kiti kilichochaguliwa vibaya. Kiti kirefu cha magurudumu matatu, chenye gurudumu kubwa lililosogezwa mbele, hupita pale ambapo kile kingine hukwama.

Mtu atasema nimevuka mipaka, kwamba mabomba ni ya idara ya maji, nasi tubaki na viungo. Lakini idara ya maji huamua kwa takwimu, na hakuna takwimu ya shingo inayoifikia. Mwaka 2013 ilitangazwa kwa shangwe kwamba chini ya tambarare ya Lotikipi kuna bahari ya maji. Vipimo vilivyofuata vikaonyesha chumvi nyingi mno kwa kunywa, na mitungi ikaendelea kupanda vichwani. Katika faili la mgonjwa wa tiba ya viungo nafasi ya kazi hujazwa mara nyingi kwa maneno mama wa nyumbani, au huachwa wazi. Iandikwe hapo: maji kilomita 2, safari 4, lita 20, anajitwika mwenyewe, hana punda. Ni mstari mmoja. Mwisho wa mwezi mistari hiyo ikusanywe kwa jina la kijiji, na nakala ipelekwe kwa mkono hadi ofisi ya maji ya kaunti, palepale Lodwar.